Asiyekwenda Dar Hajapotea

Kila mwaka wahitimu wa Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo wanapoagana, ushauri wanaopewa na watu wa nyumbani ni ule ule: nenda Dar ukapambane. Mama aliyeko Kondoa anampigia mwanawe simu na kumwambia, "Mwanangu, huko kwenye vumbi utapata nini? Nenda kwa mjomba wako Mbagala. Utalala sebuleni kwanza, Mungu atafungua njia." Mjomba anakubali, maana naye alianza hivyo hivyo. Kijana akijibu kwamba angependa kubaki Dodoma, au kwamba ameona tangazo la kazi Bahi, Kongwa au Mpwapwa na anataka kuomba, anaonekana amekata tamaa kabla hajaanza.

Nataka kuupinga ushauri huo wote, si kipande chake. Unatolewa kwa mapenzi, najua, na ndiyo maana vijana wanashindwa kuukataa. Lakini umeshawapotezea wengi ile miaka mizuri ya kujifunza kazi, na leo hauna tena msingi wa kusimamia, hasa kwa kijana aliyesomea utawala wa serikali za mitaa, mipango, uhasibu wa umma, maendeleo ya jamii, kilimo au ardhi.

Wanaoutoa si wajinga, na hoja yao inastahili kusemwa kwa nguvu zake zote. Wanasema Dar ina bandari, ina soko la hisa, ina makao makuu ya benki kubwa kama NMB na CRDB, ina redio na televisheni. Wanasema penye watu wengi pana kazi nyingi, ukikosa mlango huu utagonga ule. Wanasema Dar utajuana na watu, na bila kujuana na watu hufiki mbali. Mkoani utapangiwa kituo, utasahaulika hapo, na siku ukishtuka wenzako wameshatoboa.

Kwa miaka mingi maneno hayo yalikuwa na ukweli. Tarehe 1 Oktoba 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA, na mwaka 1976 ukakamilika mpango kabambe wa kuujenga mji mpya. Ilitarajiwa kwamba baada ya miaka 10 serikali ingekuwa imeshahama. Haikuhama. Vita vya Kagera vilikula fedha, uchumi wa miaka ya 1980 ukaporomoka, na wizara zikaendelea kukaa pwani. Chama kilikuwa na makao yake Dodoma, Bunge likawa linakutana Dodoma, lakini vikao vikiisha magari yalirudi Dar, na mafaili yalirudi nayo. Mtumishi aliyekubali kuhamia huku miaka ile, mara nyingi alijikuta kwenye ofisi isiyo na maamuzi. Mzee aliyeyaona hayo kwa macho yake ana sababu ya kumwambia mjukuu wake kwamba Dodoma ni ahadi isiyotimia.

Tatizo ni kwamba mzee anaieleza Dodoma ya wakati wake. Julai 25, 2016, Siku ya Mashujaa, Rais John Magufuli alitangaza akiwa hapa hapa Dodoma kwamba serikali yake itahama kabla muhula wake haujaisha. Septemba mwaka ule Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akahamia. Mei 15, 2017 CDA ikavunjwa na majukumu yake yakakabidhiwa manispaa. Aprili 26, 2018 manispaa ikatangazwa kuwa jiji, na mwaka huo huo uamuzi wa makao makuu ukawekewa sheria yake. Wizara zikajenga Mtumba. Mei 2023 Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua Ikulu ya Chamwino. Huyo mtumishi wa zamani aliyeachwa peke yake na ofisi tupu, leo angezungukwa na makatibu wakuu.

Na watu wameshapiga kura kwa miguu yao. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika wilaya ya Dodoma mjini. Sensa ya 2022 ilihesabu 765,179. Hilo ni ongezeko la zaidi ya asilimia 80 ndani ya miaka 10. Dar es Salaam katika muda huo huo ilitoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728, ongezeko la asilimia 23 hivi. Jambo la namna hii limewahi kutokea kwa majirani zetu. Malawi ilihamisha makao makuu kutoka Zomba kwenda Lilongwe mwaka 1975, na kwa miaka mingi wenye biashara zao Blantyre waliendelea kuamini kwamba Lilongwe ni mji wa makarani tu. Sensa ya 2018 iliikuta Lilongwe imeipita Blantyre kwa watu.

Sisemi kwamba Dodoma itaipita Dar. Dar bado ni kubwa mara saba, na pengine itabaki hivyo maisha yetu yote. Ninachokataa ni hesabu inayofanywa juu ya ukubwa huo: eti kwa kuwa kazi ni nyingi zaidi Dar, basi kijana ana nafasi zaidi Dar. Kazi zikiwa nyingi na wanaozitaka wakiwa wengi zaidi, kijana hajaongezewa kitu. Mhitimu wa Hombolo akifika Dar anajipanga nyuma ya wahitimu wa Mlimani, wa Mzumbe, wa Chuo cha Usimamizi wa Fedha, na wa vyuo vyote vya nchi ambavyo vimewapa vijana wao ushauri ule ule. Nao wote wana mjomba.

Lipo jambo la mshahara, ambalo nashangaa halisemwi kwenye vikao vya familia. Mtumishi wa umma wa Tanzania halipwi kwa ukubwa wa mji anaofanyia kazi. Afisa anayeanza na ngazi ya TGS D analipwa TGS D akiwa Kinondoni, na analipwa TGS D hiyo hiyo akiwa Chemba. Mwalimu na muuguzi vivyo hivyo. Kwenye nchi ambazo jiji kubwa humlipa mtu zaidi, anayeng'ang'ania jiji kubwa ana sababu ya kujitetea. Kwa mtumishi wetu fedha ni ile ile, ila Dar anapanga chumba Chanika au Bunju kwa sababu karibu na ofisi hawezi kulipa kodi, anaamka saa kumi za usiku kuwahi gari, anarudi usiku mtoto ameshalala. Mwenzake wa Kongwa anakwenda kazini kwa miguu au kwa bodaboda ya muda mfupi, na ndani ya miaka michache ana kiwanja, ana msingi, pengine ana heka mbili za alizeti. Hesabu hii anaijua kila mtumishi aliyewahi kufanya kazi sehemu zote mbili, na bado anapomshauri mwanawe anaisahau.

Ila sitaki kuitegemeza hoja yangu kwenye kodi ya nyumba. Mtu hachagui kituo cha kazi kama anayechagua nyumba ya bei nafuu. Anachagua mahali atakapoijua kazi yake, na hapo ndipo mji mdogo unaushinda mkubwa kwa mbali.

Mfikirie afisa mipango aliyepangiwa halmashauri ndogo ya wilaya, ofisi yenye watu wachache. Mwongozo wa bajeti ukitoka, yeye ndiye anayebeba makaratasi na kwenda kwenye vijiji kwa ajili ya zoezi la Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Anakaa chini ya mti na wananchi. Wanaume wanataka kivuko cha mtoni, akina mama wanataka zahanati kwa sababu mwenzao alijifungulia njiani masika iliyopita, na mwenyekiti anataka boma la darasa lililojengwa kwa nguvu za wananchi lipauliwe kabla tofali hazijaanza kumomonyoka. Anaandika vyote. Anarudi ofisini, anaanza kuingiza kwenye mfumo wa PlanRep, na mfumo unamkatalia: amevuka ukomo wa bajeti. Sasa anakaa na mweka hazina, wanapitia makusanyo ya mwaka jana, ushuru wa mazao, minada ya mifugo, leseni, wanatafuta fedha ya kuezeka lile boma. Kisha anaiwasilisha rasimu kwenye menejimenti. Kisha Kamati ya Fedha. Kisha baraza la madiwani, ambako diwani aliyechaguliwa na watu wake anasimama na kumwuliza mbele ya mkurugenzi, "Afisa, kata yangu mmeisahau kwa nini?" Na yeye, mwenye miaka 26, anasimama na kujibu kwa takwimu.

Huyo ndani ya msimu mmoja ameiona bajeti ya umma kuanzia chini ya mti hadi kwenye azimio la baraza. Mwenzake aliyeajiriwa kwenye halmashauri kubwa ya jiji ana wakubwa watano wa kada yake mbele yake. Anapewa sekta moja aiingize kwenye mfumo. Kwenye baraza haingii, na diwani hamjui. Hoja za mkaguzi zikija, zinajibiwa na wengine. Baada ya miaka mitatu wote wawili wameandika kwenye wasifu wao "afisa mipango, miaka mitatu". Ni mmoja tu aliyeifanya hiyo kazi.

Kwa afisa maendeleo ya jamii ni hivyo hivyo. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwenye karatasi ni mistari mitatu. Uwandani ni kukaa na kikundi cha akina mama kumi waliopanda zabibu, kusoma katiba yao na kugundua kwamba wanachama watatu ni ndugu wa nyumba moja, kuwaambia ukweli huo bila kuwavunja moyo, kukagua shamba lenyewe kabla ya kuidhinisha, na miezi kadhaa baadaye kurudi kuuliza marejesho yanakwendaje. Afisa aliyefanya haya kwa vikundi vyote vya tarafa nzima anajua kwa nini mikopo hulipwa na kwa nini hailipwi. Hakuna darasa la kumfundisha hilo, wala semina ya hotelini Dar.

Mpima ardhi na afisa mipango miji nao niwataje. Sehemu kubwa ya Dar ilijengwa kabla haijapangwa, na mtaalamu kijana akienda huko kazi yake kubwa ni urasimishaji: kupima nyumba zilizokwisha kusimama, kubembeleza majirani waachiane njia ya kupitisha gari la wagonjwa. Ni kazi ya lazima na naiheshimu. Lakini tangu CDA ivunjwe na mamlaka ya ardhi kurudi kwa halmashauri, kijana wa fani hiyo aliyekuja Dodoma amechora mitaa kabla watu hawajafika. Ameamua shule ikae wapi, mtaro upite wapi, soko liwe upande gani wa barabara. Wengine hustaafu bila kupewa kazi kama hiyo hata mara moja.

Sasa nishuke hadi Hombolo penyewe, kwa sababu kuna watu wanaokubali Dodoma mjini lakini wakisikia Hombolo, kama kilomita 40 kaskazini-mashariki ya mji, wanatikisa kichwa. Huko kuna nini?

Kuna bwawa. Lilijengwa na serikali ya kikoloni mwaka 1957 ili maji ya Kinyasungwe, mto ambao mwisho wake ni Wami na Bahari ya Hindi, yamwagilie mashamba ya nyanda hizi zinazopata masika moja tu kwa mwaka, mvua ya kati ya milimita 500 na 600 basi. Zaidi ya nusu karne baadaye bwawa linajaa tope. Miti ya juu imekatwa, mifugo imekanyaga ardhi, kila mvua inashusha udongo. Jua nalo linafyonza maji na kuacha chumvi, hata mkulima anayemwagilia ovyo anaona shamba lake likitoka unga mweupe juu na mazao yakidumaa. Bado watu wanavua perege na kambale humo, bado mifugo inakunywa, bado mbogamboga zinapandwa pembezoni.

Mhandisi wa umwagiliaji au mtaalamu wa udongo aliyesoma hadi shahada, akiliona bwawa hili, anapaswa kuona maisha yake ya kazi yote yakimsubiri. Tope linatoka kwenye vijito vipi? Matuta na nyasi zipandwe wapi juu kule? Mazao gani yanavumilia chumvi? Wafugaji washawishiwe vipi waache kupitisha ng'ombe kingo zile zile? Atakayeyajibu maswali haya ataitwa kwenye kila bwawa la kanda kavu ya nchi hii, na yako mengi yenye ugonjwa huo huo. Lakini majibu hayapatikani na mtu anayekuja na gari asubuhi, akachota maji kwenye chupa, akarudi jioni. Yanamtaka mtu aone masika kadhaa, apime baada ya kila mvua, na ajuane na wenye mifugo kwa majina.

Kuna utafiti wa mtama. Kituo cha Hombolo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo kinashughulika na mazao ya ukame: mtama, uwele, njugu. Wakulima wa huku wanazijua mbegu kama Macia na Tegemeo, na wanazijua Hakika na Wahi, ambazo zilitolewa ili kukabiliana na kiduha, lile gugu lenye maua mazuri linalonyonya mizizi ya mtama hadi shamba zima likakauka. Kwa miaka mingi mtama ulidharauliwa kuwa chakula cha njaa. Leo viwanda vya bia vinanunua mtama mweupe, na kila mwaka wa ukame unamrudisha mkulima wa mahindi kwenye mtama. Mtafiti wa zao hili akikimbilia Dar anakwenda kufanya nini? Kweleakwelea hawamsubiri huko. Shamba lake la majaribio, wakulima wake na adui zake wote wako hapa.

Halafu kuna zabibu, ambayo ningeweza kuiandikia makala yake peke yake. Dodoma ndiyo ardhi ya zabibu ya Tanzania, na Hombolo ni moja ya maeneo yake makuu. Mzabibu hapa huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Italia au Ufaransa hawezi kulipata kwa sababu ya baridi yake. Lakini ingia shambani na mkulima uone anavyohangaika. Anapogoa mwenyewe, na akikosea jicho la kukatia anapoteza msimu. Ubwiri unga ukiingia, dawa ananunua kwa kushauriwa na muuza duka. Zabibu zikiiva zinaiva kwa pamoja, hazina subira, na asiyekuwa na pa kuhifadhi wala pa kukamulia anauza kwa bei anayotajiwa. Wachache wenye matangi wanakamua wenyewe na kuuza mchuzi wa zabibu kwa wenye viwanda. Kila hatua ya safari hiyo, kuanzia pingili hadi chupa, ina pengo la mtu aliyesoma: mtaalamu wa magonjwa ya mimea, fundi wa vyumba vya baridi, mhasibu wa chama cha ushirika anayeweza kusoma mkataba wa mauzo kabla wenzake hawajautia sahihi, mwenye fani ya usindikaji, mwenye akili ya soko. Nawauliza wazazi: mnamtoa kijana mwenye stashahada au shahada kwenye mapengo hayo yote, mnampeleka akauze vocha Kariakoo huku akisubiri usaili, na mnaita hiyo fursa?

Zipo pingamizi ambazo siwezi kuzipita kimya.

Ni kweli kuna kazi ambazo nyumba yao ni Dar. Anayetaka kuwa wakala wa forodha aende bandarini. Anayetaka kuuza hisa, kutengeneza filamu, kuendesha matangazo ya biashara ya kampuni kubwa, simzuii. Sekta binafsi ya mikoa ya kati bado ni changa, na mhasibu anayelenga makampuni makubwa ya ukaguzi atayakuta zaidi pwani. Hao wanajua wanachokifuata. Ninaowasemea ni wale wengi wanaokwenda bila kukijua, kwa kuwa tu wameambiwa.

Ni kweli pia kwamba mji mdogo una taabu zake. Dodoma inakua haraka kuliko maji yake. Visima vya Mzakwe haviwezi kuubeba mji wa ukubwa huu milele, na mgao tunaufahamu. Vijijini muuguzi anapangiwa zahanati isiyo na nyumba ya mtumishi, mwalimu anatembea umbali mrefu kufuata mtandao wa simu, na wapo wanaokaimu nafasi kwa muda mrefu bila kuthibitishwa wala kulipwa stahiki zao. Sitetei hata moja kati ya hayo. Serikali inayomtaka kijana akae pembezoni ina wajibu wa kumjengea nyumba na kumlipa kwa wakati, na asipopewa haki hizo ana kila sababu ya kuzidai. Lakini tofautisha madai hayo na hoja kwamba kazi yenyewe haina maana. Anayelala kwenye nyumba mbovu ameonewa, ila anachojifunza pale hakijapungua.

Kuhusu hospitali, anayesema Dodoma mtu akiugua sana hana pa kwenda anasimulia habari za kale. Hospitali ya Benjamin Mkapa imekuwa ikipandikiza figo tangu 2018. Kuhusu elimu, Chuo Kikuu cha Dodoma kipo tangu 2007, Mtakatifu Yohana kipo, Chuo cha Mipango kipo, na mtumishi wa Bahi au Chamwino anayetaka shahada ya pili hahitaji kuacha kazi kuifuata.

Ugumu ambao nauona wa kweli kuliko yote ni wa wenza. Mke amepata kazi Dodoma, mume ana duka Temeke. Hapo sina jibu la mkato, na sitajifanya ninalo. Ila naona familia nyingi zikifanya uamuzi huo kwa kudhani tangu mwanzo kwamba anayehama lazima awe ni yule aliyeko mji mdogo. Kaeni chini mfanye hesabu kwa haki. Duka huweza kuhamia mji unaojengwa, na mji unaojengwa unahitaji saruji, nondo, vitasa na mabomba kuliko mji uliokwisha kujaa maduka.

Kuna kundi moja linaloniumiza zaidi, nalo ni la wale waliokuja bila kuja. Wana ofisi Mtumba, lakini nyumba, kanisa au msikiti wao, na ndoto zao zimebaki Dar. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma, Julai 25, 2024, safari iliyokuwa ikimaliza siku kwenye basi imekuwa ya saa tatu na nusu hadi nne, na Ijumaa jioni stesheni inajaa. Simlaumu mzazi anayekwenda kuona watoto wake. Namsema kijana asiye na mke wala mtoto, aliyepanga chumba kimoja Nkuhungu na hajanunua hata kiti kwa kuwa anajiona yuko njiani. Huyo hapati faida za huku wala za kule. Mtu wa namna hiyo hajui mwenyekiti wa mtaa wake, hajawahi kufika Hombolo wala Mvumi, hajajifunza hata kuitika "mbukwa" sokoni. Kisha analalamika kwamba Dodoma hakuna watu wa kujuana nao. Wapo. Katika mji huu mkurugenzi, mbunge, profesa na fundi wa majokofu hukutana kwenye nyama choma ile ile, na milango yao haina foleni ndefu ya kuigonga. Lakini mtu aliye safarini kila Ijumaa hatakutana nao.

Pingamizi la mwisho ndilo ninalolisikia mara nyingi zaidi: akianzia mji mdogo, siku akitaka kurudi mji mkubwa atapokelewa na nani? Soma matangazo ya kazi yenyewe. Nafasi nyingi zenye maana zinataka uzoefu wa miaka mitatu au mitano. Kijana aliyeandaa bajeti ya halmashauri nzima, akajibu hoja za mkaguzi, akakaimu kitengo, akasimamia mikopo ya vikundi vya tarafa au akapima tope la bwawa kwa masika tano anaingia kwenye chumba cha usaili akiwa na cha kueleza, iwe usaili huo uko Dar, Arusha au Nairobi. Aliyeitumia miaka hiyo hiyo akigonga milango ya Posta atabaki kueleza alichosoma chuoni. Kwa hiyo anayeitaka Dar kweli kweli, ushauri wangu kwake haubadiliki: aanzie Bahi, Kongwa au Hombolo, na aifanye kazi hiyo kwa moyo wote mpaka waliomzunguka wawe tayari kumwandikia barua.